Kompyuta ikikosea siku, dhima ni ya nani?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), aliyejaalia jua na mwezi viende kwa hesabu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, makala ya leo naianza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nalikiri hadharani kwa sababu naamini si langu peke yangu, na kwa sababu kila siku nasikia neno lile lile lililonikosesha: "Kompyuta imesema." Neno hili limeingia maofisini, benki, hospitalini, na sasa limeingia hata katika mambo ya ibada. Likishatamkwa, mazungumzo yanakwisha. Hakuna anayeuliza tena. Swali langu leo ni hili: kompyuta inaposema, ni nani hasa aliyesema? Na ikisema uongo, atakayeulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu (SW) ni nani?

Karatasi ya eda

Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari, na jioni husaidia kazi za ofisi katika msikiti wa mtaani kwetu. Ofisini mle tulipata msaada wa kompyuta moja kuukuu inayotumia Linux. Kijana mmoja aliyesomea fani hiyo alinionyesha dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo mafundi huliita sheli. Akanifundisha kwamba ukiziandika amri zako moja chini ya nyingine katika faili, umekwishatengeneza skripti. Siku nyingine unaliita lile faili kwa jina lake tu, nalo linafanya kazi yote peke yake.

Nilifurahi kama mtoto. Kila wiki watu huja ofisini na maswali ya tarehe. Huyu anataka kujua eda ya dada yake inakwisha lini. Yule ana deni la miezi sita. Mwingine hakumbuki mwaka wa zaka yake unatimia siku gani. Nikaona niwarahisishie. Katika Linux kuna amri iitwayo date, ambayo ukiipa tarehe ukaiambia "jumlisha miezi minne na siku kumi," inakupa jibu kabla hujapepesa macho. Nikaandika skripti yangu, nikaijaribu kwa tarehe moja, ikatoa jibu. Nikaridhika. Tangu siku hiyo aliyekuja kuuliza alipewa karatasi iliyopigwa chapa, yenye jina la msikiti juu na tarehe chini.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kijana ambaye baba yake alifariki Juni 10. Nikampa karatasi ya mama yake: eda inakwisha Oktoba 20.

Mama yule alikaa eda yake kwa heshima zote. Nyumbani alikuwa na shangazi yake, bibi mtu mzima asiyejua kusoma maandishi ya kizungu, ambaye kila mwezi ulipoandama alikuwa akiweka alama ya mkaa nyuma ya mlango. Ilipofika Oktoba 16 bibi akasema eda imekwisha. Vijana wakamcheka, wakamwambia bibi umesahau, kompyuta imesema bado siku nne.

Siku hizo hizo zilikuja habari kwamba mama mzazi wa yule mjane ni mgonjwa huko Tanga. Alisubiri karatasi itimie. Alipanda basi Oktoba 21 alfajiri. Alimkuta mama yake yu hai, lakini kauli ilikwishakatika tangu Oktoba 18. Akafariki bila kumtambua mwanawe.

Baada ya matanga alikuja ofisini. Hakuja kwa ugomvi. Aliniambia, "Mwalimu, shangazi aliniambia nimeshatoka eda. Mimi nikamwonyesha karatasi yako." Nikaichukua karatasi, nikahesabu upya kwa vidole na kalenda ya ukutani, na jasho likanitoka. Bibi alikuwa sahihi. Mimi na mashine yangu tulikosea.

Neno moja, vitu viwili

Kosa lilikuwa wapi? Eda ya mjane asiye na mimba, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 234, ni miezi minne na siku kumi. Namba hizi sikuzikosea. Niliandika nne, nikaandika kumi. Kilichokosewa ni neno "mwezi."

Kutoka Juni 10 hadi Oktoba 10 ni miezi minne ya kalenda ya ukutani, na ndani yake mna siku 122. Ongeza kumi, unapata 132. Lakini miezi inayokusudiwa katika sheria yetu ni ya kuandama. Mwezi wa kuandama ni siku 29 au 30, na Mtume (SAW) aliwaonyesha masahaba jambo hilo kwa vidole vya mikono yake. Wanachuoni wengi wanasema mume akifa katikati ya mwezi, ule mwezi uliokatika hukamilishwa siku 30, na mingine mitatu huhesabiwa kwa kuandama kwake. Kwa mama yule, miwili katika hiyo mitatu ilikuwa ya siku 29 na mmoja wa siku 30. Jumla, pamoja na zile kumi, ni siku 128. Wapo wanachuoni waliosema yote yahesabiwe kwa siku, yaani 130. Kwa kauli yoyote utakayoishika, hakuna hata moja inayofika 132. Hukumu ile niliitunga mimi bila kujua.

Tuifahamu vizuri mashine hii tunayoiamini. Ndani yake hamna Juni wala Ramadhani. Kompyuta za aina hii huhesabu sekunde tangu saa sita ya usiku wa kuingia Januari 1, 1970, kwa saa za Greenwich. Siku kwake ni sekunde 86,400. Miezi na miaka ni nguo inayovishwa ile hesabu ya sekunde ili sisi tuielewe. Nguo yenyewe ni kalenda iliyorekebishwa na Papa Gregory wa 13 mwaka 1582, pale iliposemwa kuwa baada ya Oktoba 4 inafuata Oktoba 15, siku kumi zikafutwa kwa agizo. Waingereza waliifuata mwaka 1752, wakalala Septemba 2 wakaamka Septemba 14. Hata leo ukiiamuru kompyuta ya Linux ikuonyeshe kalenda ya Septemba 1752, utaliona pengo hilo. Kwa hiyo tarehe, hata hiyo ya "kisayansi," ni mapatano ya watu kwanza, na hesabu baadaye.

Tena hata ndani ya kalenda yake yenyewe mashine huyumba. Iambie amri ile ianzie Januari 31 ijumlishe mwezi mmoja. Februari 31 haipo. Basi inavuka mpaka, inakupa Machi 3, au Machi 2 ukiwa mwaka wenye siku 366. Waliotengeneza amri hiyo wameonya katika maelezo yake kuwa hesabu za miezi zina utata, na wakashauri mtu aanzie tarehe 15 katikati ya mwezi. Onyo lilikuwepo. Mimi sikulisoma.

Siku nayo ina utata wake. Ya mashine huanza saa sita usiku, na ya kwetu huanza Magharibi. Wazee wakikwambia "usiku wa Ijumaa" wanakusudia usiku unaoitangulia Ijumaa, na mtu aliyefariki saa mbili usiku Alhamisi, kwa tarehe za Hijria amefariki siku ya pili. Skripti yangu haikuuliza saa. Na kompyuta iliyoachwa kwenye saa za Greenwich, kwa sisi tulio mbele kwa saa tatu, kuanzia saa sita hadi saa tisa ya usiku inashikilia kuwa bado ni jana. Ndugu zetu wanaoishi London wana mtihani mwingine: Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, siku ile inakuwa na saa 23, na skripti inayogawa sekunde kwa 86,400 inapoteza siku nzima.

Kosa linalopiga kelele na kosa linalonyamaza

Kuna jambo jingine lilinitokea na skripti ile ile. Ulipofika mwezi wa nane, ilikataa kufanya kazi. Nilikuwa naichukua namba ya mwezi ikiwa na sifuri mbele, yaani 08. Katika hesabu za sheli, namba inayoanza na sifuri inasomwa kwa hesabu ya nane nane badala ya kumi kumi, na katika hesabu hiyo tarakimu 8 na 9 hazipo. Kwa hiyo mwezi wa saba ilipita, wa nane na wa tisa ikagoma, wa kumi ikapita tena. Nilikasirika sana siku hiyo. Nikaihangaikia hadi usiku, nikaitengeneza.

Leo nikikumbuka naona lile ndilo kosa lililokuwa na adabu. Lilisimama mlangoni likasema, "Hapa sijui." Hakuna aliyedhurika nalo. Lililodhuru ni lile jingine, lililotoa tarehe nzuri, safi, yenye jina la msikiti juu, na ambalo halikunifanya nikose usingizi hata dakika moja.

Je, si ndivyo ilivyo hata kwa sisi watu? Mtu anayesema "sijui" huwa tunamdharau, na anayejibu kila swali bila kusita tunamwita msomi. Wanachuoni wetu wa zamani walihesabu "sijui" kuwa ni nusu ya elimu. Mashine haina uwezo wa kuona haya. Haiwezi kutia shaka mpaka aliyeiandika aitilie shaka kwanza. Nilipoinyima skripti yangu shaka, nilimnyima yule mama nafasi ya kuuliza.

Wapo watakaosema dharura ina hukumu yake, na kwamba mama yule angeweza kutafuta ruhusa kwa wanachuoni ili akamwone mzazi wake. Ni kweli. Lakini hakuna aliyekwenda kumuuliza sheikh yeyote, kwa sababu karatasi ilikwishajibu. Hilo ndilo linalonitisha zaidi ya siku nne zenyewe.

Shaaban ipi?

Hebu turudi nyuma kidogo. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (RA), imepokewa kwamba aliletewa hati ya malipo yaliyotakiwa kulipwa mwezi wa Shaaban. Akauliza: Shaaban ipi? Hii tuliyonayo, iliyopita, au inayokuja? Imepokewa pia kwamba Abu Musa Al-Ash'ari (RA) alimlalamikia kuwa barua za khalifa zinamfikia bila tarehe. Sayyidna Umar akawakusanya masahaba kwa mashauriano, na mnamo mwaka wa 16 au 17 baada ya Hijra wakaafikiana kuanzia hesabu ya miaka kwenye Hijra ya Mtume (SAW), na mwaka uanze kwa Muharram.

Mazingatio yamo katika lile swali. Kabla ya kuhesabu chochote, khalifa aliuliza kinachohesabiwa ni kitu gani. Waraka ulikuwa mikononi mwake, umeandikwa na una jina la mwezi. Hakusema "hati imesema." Aliona kwamba haki ya mtu inaweza kupotea ndani ya neno ambalo kila mmoja anadhani analielewa. Akalitoa neno hilo katika dhana, akaliweka katika mapatano yaliyo wazi.

Kompyuta inaweza kuhesabu sekunde bilioni moja bila kuchoka. Kuuliza "Shaaban ipi?" haiwezi. Swali hilo ni la mtu, na likiachwa na mtu hakuna mwingine wa kuliuliza.

Idadi sahihi, miezi siyo

Msomaji anaweza kusema: mwalimu, unakuza mambo, siku nne ni nini? Mimi pia nilijifariji hivyo, mpaka niliposoma tena Suratut Tawba, aya ya 36 na ya 37. Mwenyezi Mungu (SW) anatufahamisha kuwa idadi ya miezi kwake ni kumi na miwili, na minne kati yake ni mitukufu. Kisha anawalaumu watu wa Jahiliya waliokuwa wakiahirisha utukufu wa miezi, mwaka huu wanahalalisha mwezi, mwaka mwingine wanauharamisha, ili tu idadi ilingane na ile iliyowekwa.

Tazama jambo hili kwa makini. Watu wale hawakukosea idadi. Walitakiwa miezi minne, wakatoa minne. Anayekagua kwa kuhesabu tu asingeona kosa lolote. Namba ilikuwa sawa, na chini ya namba palikuwa na miezi mingine. Wao walifanya kwa makusudi, mimi nilifanya kwa uzembe, na tofauti hiyo mbele ya Mwenyezi Mungu (SW) ni kubwa. Lakini mama aliyekosa kauli ya mwisho ya mzazi wake, kwake tofauti hiyo inamsaidia nini?

Wala jambo hili haliishii kwenye eda. Chukua zaka. Mali hutolewa zaka ikipitiwa na mwaka wa Hijria, ambao ni siku 354 au 355. Wafanyabiashara wetu wengi hufunga hesabu kwa Januari hadi Desemba, siku 365, kisha hutoa asilimia 2.5 na kujiona wamemaliza. Kila mwaka wanachelewa siku 11 hivi. Ikipita miaka 32 ya kalenda ya ukutani, ya Hijria imepita 33 hivi, na zaka ya mwaka mzima haikumfikia fakiri. Ndiyo maana wanachuoni wa uchumi wa Kiislamu wanasema anayelazimika kufuata mwaka wa jua aongeze kiwango kwa kadiri ya tofauti hiyo, kiwe takriban asilimia 2.58. Kwa mali ya shilingi milioni kumi, tofauti ni shilingi elfu saba na mia kadhaa. Ni ndogo kwenye skrini, lakini kwa aliye na njaa ni unga wa siku kadhaa. Naye fakiri hana skripti ya kuhakiki.

Chukua na madeni. Suratul Baqara aya ya 282 inatuamuru kuandika deni lenye muda maalumu. Ukiandika "miezi sita" bila kusema ya Hijria au ya Miladi, umeacha siku tano au sita hivi zinaelea hewani. Ugomvi huota mahali kama hapo.

Nani mwenye dhima?

Sasa tufike kwenye swali letu. Nilipokosea, nilitafuta pa kujificha, na nilipata mahali patatu.

Kwanza nilisema: mashine imekosea. Hili halisimami hata kidogo. Mashine ilifanya nilichoiamuru, herufi kwa herufi. Haina akili wala baleghe wala hiari, na asiye na hivyo hana taklifu. Kuilaumu ni sawa na kuilaumu kalamu.

Pili nilisema: nia yangu ilikuwa njema, na amali huzingatiwa kwa nia. Ni kweli, na hapa nataraji msamaha wa Mola wangu. Lakini kusamehewa dhambi ni jambo moja na kubeba dhima ni jambo jingine. Aliyemuua Muislamu kwa bahati mbaya hakukusudia kuua, na bado Suratun Nisaa aya ya 92 inamwekea dia na kafara. Asiyeweza kumwacha huru mtumwa anafunga miezi miwili mfululizo. Nayo akianza mwezi unapoandama ni miezi ya kuandama, hata ikiwa pungufu. Mara nyingine tena, ni lazima ujue "mwezi" ni nini.

Tatu nilisema: nilijitahidi, na anayejitahidi akikosea ana ujira mmoja. Hapa nafsi yangu ilinicheka. Ujira ule ni wa mwenye elimu ya jambo aliyetumia juhudi yake yote. Mimi nilijaribu tarehe moja, nikaona herufi zinang'aa kwenye skrini, nikaenda kunywa chai. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sunan ya Abu Daud, Mtume (SAW) amefundisha kwamba anayejitia kutibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya utabibu ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Wanachuoni wakaipeleka kanuni hii kwa kila fundi. Aliyeshika kazi asiyoijua vizuri, uzuri wa nia haumvui dhamana. Nami nilijifanya tabibu wa siku za watu.

Isije ikadhaniwa kuwa nawaita watu waache hesabu. Suratu Yunus aya ya 5 inatuambia mwezi umepangiwa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Uislamu ndio uliomlea Al-Khwarizmi, ambaye jina lake mafundi wa kompyuta duniani kote wanalitamka hadi leo kila wanaposema algoriti. Ndio uliomlea Al-Biruni, aliyeandika juu ya kalenda za mataifa mbalimbali takriban miaka 1000 iliyopita. Misikiti mikubwa ilikuwa na muwaqqit, mtu aliyeajiriwa kukokotoa nyakati. Msikiti wa Banu Umayya pale Damascus, katika karne ya 14, kazi hiyo ilikuwa ya Ibn Al-Shatir, mmoja wa mabingwa wa falaki wa zama zake.

Lakini muwaqqit alikuwa mtu. Alikuwa na jina, alisali safu moja na wale aliowapangia nyakati, na akikosea walijua nyumba ya kwenda kubisha hodi. Leo simu yako inakuonyesha tarehe ya Hijria na huulizi imetoka wapi. Huenda imetoka kwenye jedwali la miaka 30, ambamo miaka 19 ni ya siku 354 na 11 ni ya siku 355, jumla siku 10,631. Ni hesabu nzuri, na inaweza kupishana kwa siku moja au mbili na mwezi ulioonekana. Aliyechagua jedwali hilo humjui, wala yeye hakujui. Tarehe ipo, na hakuna mlango wa kubisha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kompyuta haijawahi kusema neno. Aliyesema ni yule aliyeandika amri, na yule aliyeitoa karatasi, na yule aliyeipeleka nyumbani akamnyamazisha bibi mwenye alama za mkaa. Kila mmoja ana fungu lake la dhima, na la mwandishi ndilo kubwa, maana yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuuliza "mwezi upi?" na hakuuliza. Kusema "kompyuta imesema" ni kuitupa amana njiani na kujifanya hukuwahi kuibeba.

Nilichobadilisha

Skripti ile sikuifuta. Niliiandika upya, na safari hii nilikaa kwanza na sheikh wetu kabla ya kukaa na kibodi. Sasa inauliza: miezi ya Hijria au ya Miladi? Mtu alifariki kabla ya Magharibi au baada yake? Kwa eda na kafara haijumlishi miezi kwa amri ile tena. Inasoma daftari tunaloandika kila mwezi unapotangazwa kuandama, na kwa mwezi ambao haujaandama inatoa tarehe mbili zinazowezekana na kuandika wazi kuwa bado haijulikani. Ikihesabu siku, huzihesabu kuanzia saa sita mchana, zisichezewe na mipaka ya usiku. Nimeijaribu kwa tarehe ambazo majibu yake nilikwishayahesabu kwa mkono, zikiwemo za mwisho wa mwezi na za mwezi wa nane na wa tisa.

Chini ya karatasi, mahali palipokuwa na tarehe tupu, sasa mnaandikwa idadi ya siku, njia iliyotumika, na jina langu. Mwisho kuna mstari unaosema: ukiwa na shaka au dharura, muulize sheikh. Karatasi imekuwa ndefu na si nzuri kama ile ya zamani. Watu wengine hulalamika kwamba haitoi jibu moja. Nawaambia kuuliza si ujinga.

Na wewe msomaji, hata kama hujawahi kuandika amri hata moja, umo katika jambo hili. Ukipewa tarehe ya zaka, ya deni, ya eda au ya mkataba, uliza imehesabiwa vipi na nani. Ukiona mzee nyumbani anahesabu kwa kokoto, kwa tasbihi au kwa mkaa nyuma ya mlango, msikilize kabla ya kumwonyesha simu yako. Namba mbili zikipishana, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza.

Yule mama nilimwomba radhi. Nilimweleza kosa lote, la mwezi na mwezi, siku 132 na siku 128. Sidhani alijali hesabu zangu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mungu keshapanga, mwalimu. Ila wengine usiwafanyie hivi." Akakunja ile karatasi, akaniachia mezani.

Nimeiweka ndani ya droo, na kila nikikaa mbele ya dirisha lile jeusi naitazama kwanza.

Wabillahi tawfiq.